Walihesabiwa Mlango Gani? Kisa cha Leta Hollingworth, New York 1914

Siku ya mwisho ya mwaka 1908, mwalimu kijana kutoka Nebraska aitwaye Leta Stetter aliolewa mjini New York na Harry Hollingworth, aliyesoma naye chuo kikuu huko kwao. Mume alikuwa bado anasomea uzamivu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Columbia, na fedha zilikuwa haba. Leta alikuwa na shahada na alikwisha fundisha huko kwao, kwa hiyo matumaini yake yalikuwa ni kupata shule mjini ili mshahara wake uwasukume. Hakujua kwamba shule za umma za New York wakati ule hazikuajiri mwanamke aliyeolewa. Cheti anacho, uzoefu anao, kosa lake ni ndoa.

Akabaki nyumbani. Akapika, akafua, akapiga pasi, akashona. Akaandika hadithi fupi ambazo hakuna aliyezinunua. Nimeanza na jiko hilo kwa makusudi, kwa sababu hoja yake kali kuliko zote alizokuja kuzitoa baadaye ilitoka humo humo.

Mlango wa kurudi shuleni ulifunguliwa na soda. Mwaka 1909 serikali ya Marekani ilikamata shehena ya Coca-Cola na kuishtaki kampuni kwamba kafeini iliyomo ni kitu chenye madhara. Kampuni ikaona kwamba inao ushahidi wa wanyama lakini haina hata chembe ya ushahidi kuhusu akili na utendaji wa binadamu. Wanasaikolojia wenye majina hawakutaka kugusa fedha za namna hiyo. Harry, aliyekuwa bado mwalimu mdogo mwenye madeni, akakubali. Mwaka 1911 walikodi nyumba Manhattan, wakaweka watu 16, na kwa siku 40 wakawapima kila siku, wengine wakipewa kafeini na wengine vidonge visivyo na kitu, bila wao kujua wamemeza nini. Leta ndiye aliyesimamia shughuli za kila siku. Malipo ya kazi ile ndiyo yaliyomlipia karo, akapata shahada ya uzamili mwaka 1913 na kuendelea.

Kwa hiyo Leta, aliyekuja kuchunguza madai juu ya akili za wanawake, alikuwa tayari amejifunza jambo moja kwa vitendo: ukitaka kujua kama kitu kinamlegeza mtu, humuulizi daktari wake wala mumewe. Unampima, kesho unampima tena, na unaendelea hivyo mpaka uwe na siku za kutosha za kulinganisha.

Madai mawili yasiyoelewana

Saikolojia ya Marekani wakati huo ilikuwa na mambo mawili makubwa ya kusema juu ya wanawake. La kwanza, wanabadilika mno: kila mwezi mwili huwapokonya nguvu na akili kwa siku kadhaa, basi kazi ya kuaminika hawaiwezi. La pili, hawatofautiani vya kutosha: wanaume wametawanyika kuanzia wajinga kabisa hadi vipaji adimu, ilhali wanawake wamejazana katikati, kwa hiyo kwao hazitoki akili kubwa. Mtu angetegemea wasomi waone kwamba madai haya yanavutana kidogo. Hawakuona, labda kwa sababu yote mawili yalifika mahali pamoja, yaani mwanamke asiingie.

Dai la mwezi lilipata umaarufu mwaka 1873, pale daktari Edward Clarke wa Boston, aliyewahi kuwa profesa wa tiba Harvard, alipochapisha kitabu akionya kwamba msichana akisoma kwa bidii kama mvulana atahatarisha uzazi wake. Ushahidi wake ulikuwa visa vichache vya wasichana waliokuwa wagonjwa wake. Hebu tulia hapo. Daktari humwona nani? Humwona anayeumwa. Msichana aliyesoma, akaingia mwezini, akaendelea na hesabu zake, akafaulu, huyo hana sababu ya kubisha hodi kwa Dakta Clarke, na kwa hiyo hayumo kitabuni. Jambo jingine ni kwamba wafuaji na watumishi wa ndani wa Boston walikuwa na mwezi kama wanafunzi wa vyuo, tena walibeba ndoo za maji moto siku hizo hizo, lakini sijaona kwamba udhaifu wao uliwanyima usingizi wenye nadharia.

Jibu lilikwisha kutolewa mapema. Daktari Mary Putnam Jacobi aliwapelekea wanawake karatasi 1,000 za maswali, akapata majibu 268, akaongeza vipimo vya mapigo ya damu, na mwaka 1876 kazi yake ikashinda tuzo ya Boylston pale pale Harvard, katika shindano ambalo waamuzi hawakuwa wakijua jina la mwandishi. Alionyesha kwamba hakuna sababu ya kitiba ya kumlaza mwanamke mwenye afya kwa kuwa tu yuko katika siku zake. Tuzo ilitolewa, watu wakapiga makofi, na miaka 38 baadaye dai lilikuwa bado linafundishwa.

Dai la mtawanyiko nalo lilikuwa na wazee wake. Darwin alilitaja mwaka 1871. Mwaka 1903 James McKeen Cattell, mkuu wa saikolojia Columbia, alitoa orodha ya watu 1,000 mashuhuri wa historia, na wanawake humo walikuwa 32. Alivyowachagua: alipima wamepewa nafasi kiasi gani katika kamusi na ensaiklopidia za maisha ya watu. Yaani rula ya kupimia kipaji ilikuwa ni urefu wa maandishi ambayo wanaume waliwaandikia wanaume wenzao. Na Edward Thorndike, bingwa wa takwimu za elimu, aliandika mwaka 1906 kwamba masomo ya juu kabisa, ambayo wanawake walikuwa wakiyakimbilia kwa wingi, yana faida zaidi kwa jamii yakitolewa kwa wanaume.

Thorndike huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa Leta Hollingworth.

Vidole, sindano na taipu

Tasnifu aliyoiandika kwa Thorndike ilichapishwa mwaka 1914. Ndani yake wamo wanawake 23, na wanaume 2 wa kulinganishia. Baadhi walipimwa kila siku kwa muda wa miezi mitatu hivi, wengine kwa mwezi mmoja. Vipimo vyenyewe havikuwa vya ajabu: kugongagonga kwa kasi, kushika kijiti cha chuma ndani ya tundu dogo bila kugusa kingo, kutaja rangi kwa haraka, kutaja kinyume cha maneno, na kujifunza kupiga taipu, ili aone kama ustadi mpya hukwama siku fulani za mwezi.

Haukukwama. Alichora matokeo siku kwa siku, akatafuta bonde linalojirudia katika siku za hedhi au karibu nazo, na bonde halikuonekana. Wanawake waliokuwa wakijifunza taipu waliendelea kupanda ngazi yao bila kujali kalenda.

Wale wanaume wawili ninawapenda kuliko wote. Kwa takwimu hawatoshi kitu. Hata mwalimu wa sekondari angewakataa. Lakini kuwaweka tu ndani ya utafiti wa hedhi kulikuwa ni kuuliza swali ambalo vitabu vya nyuma havikuwa vimeliuliza: mwanaume naye, je, yuko vile vile kila siku? Mtu akikuambia mkeo hubadilika, swali la kwanza la haki ni "kuliko nani?" Kabla ya hapo mwanaume alikuwa amewekwa kama ukuta ambao vitu vingine hupimwa kutoka kwake. Hakuna aliyewahi kuupima ukuta.

Thorndike, kwa sifa yake, alipitisha kazi hiyo. Sitaki kumfanya shetani wa kisa. Aliamini alichokiamini, akaletewa namba, akazipokea. Wasimamizi wengi wa leo wangeomba mwanafunzi abadili mada.

Mlango wa kituo cha uchunguzi

Sehemu iliyo tajiri zaidi, kwa maoni yangu, si ya hedhi. Ni ile iliyotokea kazini kwake. Mwaka 1913 Leta aliajiriwa katika kituo cha New York kilichokuwa kikichunguza watu wanaodhaniwa kuwa na ulemavu wa akili, kazi yake ikiwa kuwapa kipimo cha akili kiitwacho Binet ili iamuliwe kama watapelekwa katika taasisi. Na moja ya nguzo za nadharia ya mtawanyiko ilikuwa hii: nenda kwenye taasisi hizo, hesabu, utakuta wanaume ni wengi kuliko wanawake. Basi wanaume wamejaa chini kabisa. Na kama wamejaa chini, lazima wamejaa na juu.

Alichukua kumbukumbu za watu 1,000 waliopita mikononi mwa kituo. Kweli, wanaume walikuwa wengi. Mtu mwingine angeishia hapo, aandike sentensi moja, aende kula. Yeye akawapanga kwa umri. Wingi wa wanaume ulikuwa kwa watoto na vijana. Kadiri umri ulivyopanda, mizani iligeuka, na miongoni mwa waliozidi miaka 30 wanawake ndio waliokuwa wengi.

Kwa nini? Mvulana mzito wa akili hutolewa nje mapema. Shuleni anashindanishwa, kisha anatafutiwa kazi, mwajiri anamfukuza, anaingia matatani mtaani, na kufika miaka 15 jamii nzima imekwisha kujua. Msichana wa kiwango kile kile hufagia, huosha vyombo, hubembeleza mtoto. Kisha anaolewa, au anakwenda kuwa mtumishi. Hakuna anayemuuliza hesabu. Anaishi hivyo miaka 20, mpaka mume anapokufa au anapomtoroka, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza anatakiwa ajitegemee na kushindwa kwake kunaonekana. Ndipo anapoletwa kituoni. Ulemavu wake haukuanza akiwa na miaka 35. Kilichoanza ni kuonekana.

Namba ilikuwa sahihi. Hesabu haikuwa na kosa hata la tarakimu moja. Kilichopotoka ni imani kwamba wanaoingia kwa mlango wa taasisi ni picha ya walioko nje yake. Ndiyo maana nasema kisa hiki kifundishwe kabla ya somo la takwimu na si baada yake: upendeleo unaotafutwa na wengi ni wa mtu anayedanganya kwenye jedwali, kumbe hapa jedwali ni safi na upendeleo umekaa nje, kizingitini, ukiamua nani aingie ahesabiwe.

Kipande kinachofuata kilikuwa kutafuta mahali ambapo mlango hauchagui. Akapapata wodini. Yeye na Helen Montague walichukua vipimo vya watoto wachanga 2,000 waliozaliwa katika hospitali ya New York Infirmary for Women and Children, wavulana 1,000 na wasichana 1,000: uzito, urefu, kichwa. Mtoto wa siku moja hajatumwa sokoni wala hajafukuzwa shule. Wavulana kwa wastani walikuwa wakubwa kidogo. Lakini mtawanyiko? Haukuonekana kuwa mkubwa zaidi kwa wavulana.

Na huko juu, kwa akina Cattell na wateule wao 1,000, ndiko aliporudi na jiko lake. Hoja yake ilikuwa rahisi mno kiasi kwamba inaudhi. Karibu wanawake wote wamepewa kazi mbili, kuzaa na kutunza nyumba. Katika kazi hizo umashuhuri haupo. Hakuna ajuaye ni nani mpishi bora wa nyumbani Marekani nzima. Hakuna ensaiklopidia ya waliofua vizuri. Ukiwafungia watu kwenye kazi isiyo na ngazi, halafu ukahesabu waliopanda, kile ulichokipima ni ngazi. Mwaka 1916 aliongeza makala nyingine iliyochambua jinsi sheria, dini, sanaa, magazeti na vitisho vya madaktari vinavyotumika kuwasukuma wanawake wazae. Niseme ukweli, makala hiyo ina ukali ambao hata leo ungezua kelele.

Palipolegea

Kisa kinachosifiwa tu hakijachambuliwa, kwa hiyo tumkague na yeye.

Wanawake 23 ni wachache. Kutoona tofauti katika kundi dogo hakuthibitishi kwamba tofauti haipo. Kunasema tu kwamba kama ipo, si kubwa kiasi cha kujitokeza hapo. Kwa hoja aliyokuwa akiijibu, hilo lilitosha, maana waliompinga hawakudai upungufu mdogo, walidai mwanamke anakuwa nusu mgonjwa. Ila anayemnukuu leo kana kwamba alimaliza swali lote anamzidishia.

Pili, alipima utendaji, hakupima maumivu. Hapa pana mtego ambao umenisumbua kila niliporudi kwenye kazi yake. Kuna mwanamke ambaye siku zake zikifika anajikunja, anatapika, hawezi kusimama. Mwanamke huyo anaweza pia kukaa mezani, akauma meno, akataja rangi kwa kasi ile ile. Alama hazikushuka, tumbo linamkata. Ukichukua matokeo ya 1914 ukayageuza kuwa "wanawake wote wako sawa tu siku hizo", umemfungia mlango wa pili, wa hospitali. Dakta Clarke alimfanya kila mwanamke mgonjwa, na anayemjibu kwa pupa anaweza kumfanya kila mgonjwa mwongo. Hollingworth mwenyewe hakuandika hivyo, lakini namba zake zinabebeka kirahisi hadi huko.

Tatu, na hili linauma zaidi. Baada ya kupata uzamivu mwaka 1916, alifundisha katika chuo cha ualimu cha Columbia mpaka alipofariki mwaka 1939, na miaka hiyo aliitumia zaidi kwa watoto wenye vipaji vya juu. Mtu aliyekataa kwamba namba za taasisi zinasema asili ya mwanamke alikuwa tayari kuamini kwamba alama za kipimo cha akili zinasema sana kuhusu urithi wa damu, na alikuwa na mwelekeo wa kuunga mkono fikra za kuboresha uzao wa binadamu, zilizokuwa zimetapakaa kwa wasomi wa zama zake. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mhamiaji maskini nao waliingia kwa milango tofauti. Jicho lililoona kizingiti cha wanawake halikukiona hiki vizuri. Siandiki hivi kumshusha. Naandika kwa sababu wanafunzi hupenda kudhani kwamba upendeleo ni tabia ya watu wabaya, au ya wanaume, na faili hili halikubali mawazo hayo.

Dai lilikwenda wapi

Halikufa. Januari 2005 Larry Summers, wakati huo rais wa Harvard, aliitaja tofauti ya mtawanyiko kama mojawapo ya sababu za uchache wa wanawake katika ngazi za juu za sayansi, na ghasia ikazuka. Mwaka 2008 Janet Hyde na wenzake walichapisha uchambuzi wa alama za hisabati za wanafunzi zaidi ya milioni 7 wa Marekani. Wastani wa wasichana na wavulana ulikuwa sawasawa. Mtawanyiko wa wavulana ulizidi kidogo, uwiano ukiwa kati ya 1.11 na 1.21, ambapo 1 ingemaanisha kulingana kabisa. Kwa hiyo kuna kitu kidogo hapo, na mwenye haki akubali. Ni kidogo mno kubeba mzigo ambao Cattell na wenzake walikitwisha.

Dai la mwezi nalo lilihama. Lilitoka kwa wanafunzi wa vyuo likaingia kwenye vizimba vya maabara. Kwa miongo mingi watafiti wa ubongo walipendelea panya dume, sababu wakiisema waziwazi: jike ana mzunguko wa homoni, atavuruga matokeo. Mapitio ya Annaliese Beery na Irving Zucker yaliyotoka mwaka 2011 yalikuta kwamba katika sayansi ya ubongo tafiti za dume peke yake zilikuwa zaidi ya mara tano ya zile za jike peke yake. Dawa nyingi za akili na usingizi ambazo wanawake humeza zimepita kwanza kwenye vichwa vya madume.

Kisha mwaka 2014, miaka 100 kamili baada ya tasnifu ya Hollingworth, Brian Prendergast, Kenneth Onishi na Zucker yule yule walifanya kilichopaswa kufanywa tangu zamani. Walikusanya makala 293 zilizopima panya wa jinsia zote mbili, na majike walikuwa wamepimwa bila kuangalia wako siku gani ya mzunguko. Hakuna kipimo ambacho majike walitofautiana zaidi kuliko madume. Katika baadhi ya vipimo madume ndio waliotawanyika zaidi. Kilichoongeza tofauti baina ya panya, jike kwa dume, kilikuwa kitu kingine kabisa: waliofugwa wengi kizimba kimoja walitofautiana zaidi kuliko waliofugwa mmoja mmoja.